Hakuna Damu

Jumanne, 4 Machi

Nimejifungua. Msichana. Miezi mitatu kabla ya wakati. Mvua ilianza wananiingiza leba na bado inanyesha. Sijamshika.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji ameniletea daftari na kalamu. "Andika shemeji, usije ukatugombeza sote humu." Ananijua. Mimi na yeye ndio tunaoendesha karakana, tunasuka upya mota zilizoungua, na mdomo wangu anausikia kutwa nzima.

Nimesukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi wodi ya watoto njiti. Yuko ndani ya inkubeta namba nne. Kofia ni kubwa kuliko uso. Ngozi nyembamba mno, unaona mishipa inavyopita. Sista alipomgeuza, akautandika mkono wa sista kwa kile kimkono chake. "He! Huyu bosi," sista akasema, na wodi nzima sasa wanamwita Bosi. Jina la kweli atampa baba yake akija. Nilibandika kiganja changu kwenye kioo nikakaa hivyo mpaka waliponiondoa. Hakuna kitu nimewahi kukitaka kama nilivyotaka kile kioo kisiwepo.

Mchana alikuja daktari wa watoto, dada mwembamba anayeongea taratibu. Mama mkwe alikuwepo. Daktari alisema kuna homoni mwilini ambayo kazi yake inayojulikana ni kuuambia uboho wa mifupa utengeneze damu. Lakini mtoto akiwa tumboni, homoni hiyohiyo ipo pia kwenye ubongo na uti wa mgongo wake. Seli changa za ubongo zinaitengeneza zenyewe, na zina mahali pa kuipokea. Inazisaidia kukua, na hewa ikipungua inazisaidia zisife ovyo.

"Huyu ametoka ubongo bado unajengwa," akasema. "Tuna utafiti. Tunataka kujua, tukimwongezea homoni hiyo kwa sindano, ubongo utalindika zaidi au la."

Mama mkwe akakunja uso. "Sasa dawa ya damu inatafuta nini kichwani?"

"Ndilo swali lenyewe, Mama."

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui. Kwa wanyama imeonyesha matumaini. Kwa watoto bado."

Nikampenda hapohapo. Mimi pia wateja nawaambia hivyo: mota hii inaweza kupona, inaweza isipone. Wengi wananuna, wanaenda kwa fundi anayewaahidi.

Kisha akaeleza kwamba nusu ya watoto watapata dawa na nusu watapata maji ya chumvi yasiyo na madhara, na hakuna atakayejua nani kapata nini, hata yeye. Anayejaza sindano yuko chumba kingine.

Nikampigia Baba Bosi. Yuko kule kwenye ujenzi wa bwawa, anaendesha katapila, na daraja la kurudia huku limesombwa na maji.

"Wewe unaonaje?" akauliza.

"Mimi nakuuliza wewe, wewe unaniuliza mimi!"

"Ana pua ya nani?" akauliza.

"Ana mpira puani, nitajuaje?"

Tukacheka, kisha nikamsikia anavuta kamasi. Nimekubali utafiti.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeruhusiwa, yeye kabaki. Mimi na Mama mkwe tumepanga chumba jirani na hospitali. Kutoka hospitalini huku mikono mitupu ni jambo ambalo sitaki kulieleza.

Jumapili, 9 Machi

Maziwa yametoka! Kidogo, yanatia rangi tu chini ya kikombe, lakini sista aliyapokea kwa mikono miwili. Anapewa kwa mpira, tone kwa tone.

Kuna chumba cha kukamulia: viti vya plastiki, bomba linalovuja, saa ya ukutani iliyokufa. Jirani yangu wa kiti ni mwalimu wa hesabu, tunamwita Ticha. Mwanawe yuko namba tano, ana mikunjo kwenye paji la uso kama mstaafu, kwa hiyo ni Mzee. Ticha anaimba puani muda wote anapokamua. Wimbo mmoja, mstari mmoja. Yarabi nipe subira.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mashine ya kupiga picha ya kichwa imeharibika. Wanasema fundi anakuja.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeingiza mkono kupitia kidirisha. Nikamwekea kidole, akakishika. Akakikaza kweli! Nilisahau mgongo, nilisahau njaa, nikasimama nimeinama hivyo mpaka Sista Mkuu akasema, "Mama, na wenzio nao wanataka kupita."

Nimerudi chumbani nikakinusa kile kidole kama mwendawazimu.

Jumatano, 19 Machi

Ticha kaacha kuimba leo, kaanza kupiga hesabu. Laiti angeendelea kuimba.

"Fikiria," akasema. "Dawa inaleta damu, si ndiyo? Watoto hawa wakikaa wanaishiwa damu, wanaongezewa. Basi atakayeongezewa damu ni yule aliyepewa maji. Asiyeongezewa kapata dawa. Huhitaji kuambiwa na mtu."

Wamama wote waliokuwa kwenye utafiti wakaacha kukamua. Hesabu ilikuwa nyepesi mno, tukashangaa kwa nini hatukuiona.

Tangu hapo kazi yangu ni kutazama rangi. Namwangalia Bosi midomo, nyayo, masikio. Halafu namwangalia Mzee.

Ijumaa, 21 Machi

Mzee mwekundu kama nyanya. Bosi sijui. Labda ni taa.

Jumatatu, 24 Machi

Si taa.

Jumatano, 26 Machi

Niandike haya kabla hayajapoa.

Asubuhi daktari alimtazama Bosi, akasema amepauka, leo lazima aongezewe damu. Sista akatumwa benki ya damu. Mimi nikabaki koridoni. Wakati huohuo mashine ya picha ilikuwa imepona, na mpiga picha, bwana mmoja mnene mwenye koti fupi, alikuwa nyuma ya pazia anawapima watoto vichwa. Nilijua yumo. Akili yangu haikuwa kwake.

Akatoka anavua glavu, akamwambia sista wa mlangoni, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kunywa chai: "Namba nne, hakuna damu."

Namba nne ni wangu.

Nilimkamata koti. "Hakuna damu vipi? Hospitali yote hii, ghorofa zote hizi, hakuna damu?"

"Mama, hii ni habari njema..."

"Njema kwa nani? Kwako wewe?"

Sikungoja jibu. Nikatoka mpaka barazani nikampigia Shemeji. "Funga karakana. Lete kila mwenye mishipa."

"Kuna nini?"

"Hakuna damu!"

Na kweli akawaleta. Waliingia wamelowa chapachapa: Shemeji, mchomeleaji wa jirani, na mteja aliyekuwa amekuja kuchukua pampu yake akajikuta amebebwa na msafara. Mikono yote grisi. Sista Mkuu akawatazama kuanzia viatu.

"Hawa ni nani?"

"Damu," nikasema.

Daktari ndiye aliyetuokoa. Alinishika mabega. "Kichwani," akasema. "Hakuna damu kichwani. Watoto njiti mishipa yao laini, inaweza kuvuja ndani ya ubongo, ndicho anachokitafuta. Ya mwanao haijavuja. Na damu ya kumwongezea ipo, hiyo hapo inakuja."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa sakafuni, hatukujua kama ni kicheko au kilio. Mpiga picha alikuwa ananyoosha koti lake. Nikamwomba radhi. "Nimezoea," akasema, lakini hakuwa amezoea. Watu wangu hawakurudi bure, walitolewa damu kwa ajili ya benki, na mwenye pampu akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilimkumbatia Ticha aliyekuwa amesimama ukutani. Alinikumbatia sana, akanishikia mkoba nilipokwenda kunawa uso.

Ule ndio ulikuwa uzuri wa leo.

Kisha wakatundika mfuko mdogo wa damu, nikakaa natazama inavyoshuka kwenye mpira kuingia kwa mwanangu. Midomo ikaanza kupata rangi. Badala ya kufurahi nikakumbuka hesabu ya Ticha. Anayeongezewa damu kapewa maji.

Maji. Sindano zote zile alizolilia nilikuwa namwambia, lia mama, ni ubongo wako huo. Kumbe ni chumvi na maji.

Alhamisi, 27 Machi

Sikumsalimia Ticha.

Jumapili, 30 Machi

Maziwa yanakauka. Nakamua mpaka kifua kinauma, yanatoka matone. Sista anasema nipumzike, ninywe maji, nisiwaze. Ningeweza kutowaza ningekuwa mota.

Baba Bosi kapiga simu, mawasiliano yakakatika mara tatu. Nilimwambia, "Wamempa maji." Akasema, "Amekunywa?" Nikakata mwenyewe.

Namtaka hapa. Nataka mtu wa kumgombeza ambaye hataondoka.

Jumatano, 2 Aprili

Ticha kaniletea chai ya chupa. Nilimwambia nimeshakunywa. Sikuwa nimekunywa. Kila nikimwona nauona ule wekundu wa Mzee, na rohoni naona dawa ya mwanangu imekwenda kwa wake. Najua si kweli. Wivu haujali.

Na haimbi tena. Hata hilo limeniudhi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Sikwenda kukamua asubuhi. Nilijiambia matone yale yatamsaidia nini. Mama mkwe alifua kanga zangu kwa nguvu kuliko kawaida.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemkuta Ticha chooni analia huku amefungulia bomba ili asisikike. Nikataka kugeuka. Akanisikia.

"Ingia tu," akasema. "Choo si changu."

Nikamuuliza Mzee anaumwa? Akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Ana damu kichwani. Upande mmoja, na imeingia ndani kidogo. Walimpima siku ileile na Bosi. Wewe ulipokwenda kuwapigia watu wako, mimi nikaitwa nyuma ya pazia."

Ile siku! Nilimkumbatia. Alinishikia mkoba.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi. Nikasema, mwache afurahi, zamu yangu itakuja." Akapenga kamasi. "Halafu ukaacha kunisalimia, nikajua hesabu yangu imekuua. Nikawa nataka kukwambia nilikosea, lakini wewe ukiniona unageuza kiti."

Wiki nzima na zaidi nimemwonea wivu mama huyu kwa damu ya mwanawe, na damu hiyohiyo ilikuwa imekwenda mahali isipotakiwa. Nikasema, "Ticha, nisamehe, mimi ni mjinga." Akasema, "Wajinga nimewafundisha wengi, wewe hujafika kiwango." Tukacheka mle chooni huku bomba linamwaga maji ya hospitali.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumekwenda kwa daktari sote wawili, tumeshikana mikono kama wanafunzi walioitwa ofisini. Ticha akamweleza hesabu yake. Daktari aliisikiliza yote, hakucheka.

"Mmefikiri vizuri," akasema. "Lakini mtoto anaweza kupata dawa na bado akapungukiwa damu. Sisi wenyewe tunamtoa damu ya vipimo kila mara, na yeye damu yake yote ni kikombe kidogo. Mwingine hakupata dawa na damu yake inatosha tu. Rangi haisemi. Mimi mwenyewe najizuia nisibahatishe."

Kisha akanigeukia. "Sista anasema umeacha kukamua."

"Yamekauka. Na mimi sina cha maana cha kumpa, daktari. Alichokihitaji kilikuwa kwenye sindano."

Akavuta kiti karibu. "Hiyo homoni," akasema, "hata kwenye maziwa ya mama ipo."

Nilimtazama nione kama ananiliwaza tu.

"Ipo. Kidogo, si kama ya sindano, na siwezi kukuahidi itafanya nini. Alipokuwa tumboni alikuwa anaimeza kwenye maji ya uzazi. Alipotoka, anaimeza kutoka kwako. Mwili wako haukungoja utafiti wetu."

Ticha akanifinya mkono mpaka ukauma. Mimi nililia, nililia kwa sauti, daktari akatafuta karatasi laini akakosa, akanipa taulo ya kupangusia vifaa.

Jioni nimekamua. Matone. Nimeyapeleka kwa mikono miwili.

Alhamisi, 10 Aprili

Kikombe kimelowa chini. Ticha anaimba tena. Mstari uleule. Imba mama, imba.

Jumatatu, 14 Aprili

NIMEMSHIKA.

Wamemtoa kwenye inkubeta wakamweka kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, wakatufunga kwa kitenge. Ni mwepesi mno, niliogopa kupumua. Halafu yeye akapumua kwanza, pumzi ndefu, akatulia. Ndani ya kichwa kile kinachoniingia kiganjani kuna kazi inaendelea ambayo sioni na siwezi kuigusa. Karakanani nikisuka mota nausikia waya kwa vidole, najua umekaa sawa au haujakaa. Huku sina cha kupima. Nilimwimbia wimbo wa Ticha, ndio pekee uliokuja.

Ijumaa, 18 Aprili

Maziwa yanatosha! Mengine yamebaki.

Jumapili, 27 Aprili

Amekuja.

Alipanda lori mpaka daraja lilipokatika, akavuka kwa miguu na wenzake wameshikana kamba, akapanda lori jingine. Aliingia koridoni ana tope mpaka kwenye nyusi. Sista Mkuu alimpeleka bafuni kabla sijamaliza kusema huyu ni mume wangu. Nilikuwa nimepanga kumgombeza, nilikuwa na orodha kichwani tangu mwezi uliopita. Alipotoka na gauni la hospitali lililomfika magotini, orodha yote ikaniponyoka.

Tukamwekea Bosi kifuani.

"Ana pua yangu," akanong'ona.

"Haya. Basi tumeshindwa."

Akasema, "Bosi." Mara moja tu, kwa ile sauti yake nzito. Na yule mtoto, ambaye mimi namwimbia kila siku hajishughulishi, akafungua macho akayageuzia upande ule. Niliona wivu kidogo, wa aina ambayo mtu anaweza kuishi nao.

Ijumaa, 16 Mei

Leo tumeruhusiwa. Jua limetoka asubuhi, matope yananuka vizuri.

Muuguzi wa utafiti alitueleza kwamba tutaitwa Bosi akifikisha miaka miwili. Watatazama anavyotembea, anavyosema, anavyocheza. Utafiti mzima ukifungwa ndipo tutaambiwa kama alipata dawa au maji. Baba Bosi akauliza, "Na kama dawa yenyewe haisaidii?" Muuguzi akasema, "Nalo tutakuwa tumelijua." Mwezi Machi ningempiga kofi.

Gari lilikuwa linangoja, Shemeji anapiga honi. Lakini Mzee naye alikuwa anapigwa picha asubuhi hiyohiyo. Nikamwambia Baba Bosi, "Mwambie nduguyo azime gari."

Nikasimama na Ticha nje ya pazia, Bosi kifuani pangu, mkoba wa Ticha mkononi mwangu. Ticha haimbi, ananitazama kidevu. Ndani mashine inalia pii, inanyamaza, inalia tena. Yule bwana wa koti fupi akatoka. Akaniona mimi, akarudi hatua nyuma.

"Leo sikushiki," nikasema. "Sema."

Akamgeukia Ticha. Safari hii alisema taratibu, anachagua maneno. "Kichwani, hakuna damu mpya. Ile ya zamani inayeyuka. Na maji ya ndani ya ubongo hayajaongezeka."

"Mpya," Ticha akasema. "Hakuna mpya."

"Hakuna mpya, Mama."

Daktari akaja, Ticha akamuuliza atatembea? Atasoma? Daktari akasema kama anavyosema siku zote, "Hatujui." Ticha akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa jibu la maana. "Sawa. Mtoto wa kungojea nimemzoea." Kisha akanisukuma mgongoni. "Nenda. Nenda kabla sijalia, mumeo ananiogopa."

Nilikwenda. Kwenye gari nikagundua mkoba wake bado ninao. Tukarudi, na ndiyo sababu nililia getini mara mbili.

Jumapili, 18 Mei

Nyumbani. Mvua imekwisha. Kutoka karakanani nasikia Shemeji anaijaribu pampu ya yule mteja aliyetoa damu, imerudi kutengenezwa tena, inazunguka vizuri.

Ticha kapiga simu. Mzee ameanza kunyonya mwenyewe, mara moja, akachoka, akalala. Amesema nisimwambie mtu, asije akatiwa kijicho.

Nimekaa kitandani na Bosi. Hakuna kioo. Baba yake kampa jina asubuhi, zuri, refu kuliko yeye, na hakuna anayelitumia. Naegemeza pua kwenye utosi wake, palepale panapodunda. Nilitamani sana kujua walitia nini kwenye ile sindano, na bado natamani, sidanganyi. Pengine nitatamani mpaka siku watakapotuita.

Ameamka. Ananitafuta kwa mdomo, anakasirika, ananitandika kwa kile kimkono.

Haya Bosi, haya. Hiki nakijua ni nini.